Mjadala: Halotheni bado inatafuta nini thieta?

Binti Chumbageni: Shangazi yangu alipasuliwa, mwezi haujaisha akarudishwa thieta. Mara zote nusukaputi ya kuvuta, halotheni. Baada ya ile ya pili homa ikampanda, kisha macho yakawa njano kama binzari. Isoflureni, nayo ya kuvuta, ipo, kwa nini bado wanatupa hii?

Mtu wa Usingizi: Pole sana dada. Hutokea, ila ni nadra: uchunguzi mkubwa wa Marekani miaka ya 1960 ulipata kama kifo kimoja cha ini kwa wagonjwa 35,000. Ini huvunja karibu asilimia 20 ya halotheni. Isoflureni haifiki hata asilimia 1. Mabaki hunata kwenye protini za ini, kinga ya mwili ikishayazoea kuyaona adui, mara ya pili hulivamia ini lenyewe. Wanaopatwa zaidi ni kina mama wa makamo, hasa wanene. Na wengi mnatuficha mitishamba mliyokunywa.

Bi Ngamiani: Wanene! Kaka, hapo umetukosea. Mtu yuko kitandani anaumwa, wewe unampima kiuno?

Makorora: Mimi hilo la mitishamba ndilo limenichoma. Mgonjwa akigeuka njano tu, mwarobaini. Sindano zenu hazikosei?

Mtu wa Usingizi: Sijamtukana mtu. Halotheni hukaa kwenye mafuta ya mwili, ndiyo maana nikasema. Na kuuliza mitishamba ni kazi yangu, zipo zinazoumiza ini kweli.

Makorora: Zipi? Taja!

Raskazone: Jamani, bei. Dawa hii ilianza Uingereza 1956, mtoto anaivuta bila kukohoa, na hospitali ndogo zinaimudu. Mkiifuta kesho, mwenye utumbo uliojisokota alazwe usingizi na nini?

Bi Ngamiani: Ganzi ya mgongo na ketamini, ile nusukaputi ya sindano, zimekwenda wapi?

Raskazone: Ganzi ya mgongo kwa kila upasuaji? Bi mkubwa, hata wa kichwa?

Binti Chumbageni: Shangazi si mnene na mwarobaini hajagusa. Waingereza walishaonya 1986 isirudiwe ndani ya miezi mitatu, yeye karudishiwa ndani ya mwezi. Karatasi aliyotoka nayo imeandikwa "nusukaputi", basi. Akipasuliwa tena, huyo wa zamu atajuaje asimpe?

Mtu wa Usingizi: Hapo sina la kukupinga. Jina la dawa liandikwe.

Bi Ngamiani: Liandikwe, ndiyo. Na lile neno la unene bado hujaliombea radhi, kaka.