Mjadala: Halvtreds ya Wadenmaki, ni yao au wameikopa?

Wadau, kuna wenzetu wawili humu wameshikilia kwamba Wadenmaki wamejifunza kuhesabu kwa Wafaransa. Hoja yao: kwa 50, Mnorwei husema femti, Mswidi femtio, yaani makumi matano, basi. Mdenmaki husema halvtreds. Na kwa kuwa Mfaransa 80 yake ni quatre-vingts, ishirini nne, wameamua chimbuko ni huko. Mimi sikubali hata kidogo.

Hebu tulifumue neno lenyewe. Halvtreds ni kifupi cha halvtredsindstyve. Tyve ni ishirini, sinde ni mara, na halvtredje ni mbili zilizotimia na ya tatu iliyofika nusu. Mbili na nusu mara ishirini: 50. Ndivyo ilivyo 70, halvfjerds, tatu na nusu mara ishirini, na 90, halvfems. Sasa Mfaransa gani anahesabu kwa nusu? 70 yake ni sitini na kumi!

Nusu hiyo ni ya ukoo wa Kijerumani. Moja na nusu Mjerumani huiita anderthalb, Mdenmaki halvanden. Hata saa wanazisema hivyo. Niliwahi kualikwa kahawa halv tre, nikaenda saa tisa u nusu. Mama wa watu alikuwa ameshanisubiri saa nzima, keki imefunikwa kitambaa, kahawa imepoa. Halv tre ni saa nane u nusu: ya tatu kwa saa zao, imefika nusu.

Na ishirini je? Ninavyoona mimi, ilikuzwa sokoni. Mayai waliyahesabu kwa snes, yaani ishirini, na samaki wa heringi kwa ol, ambayo ni snes nne, 80. Mtu wa pwani hili halimpi tabu: boriti za mikoko tumezihesabu kwa korja, na korja ni ishirini. Anayefunga mizigo kutwa hupata kipimo chake mkononi.

Wanaodai femti ingewafaa zaidi wakumbuke kwamba noti ya kroni 50 iliwahi kuchapwa neno hilohilo, femti. Watu wakaitoa mfukoni, wakaendelea kusema halvtreds.

Kwa hiyo anayeshikilia Ufaransa asituletee quatre-vingts tena. Alete hiyo nusu, kwa Kifaransa, tuione.