Uzi maalum: Madevelopa wa Dodoma na kanda ya kati, ulisoma nini na hela ya kwanza uliipataje? Tupeane uzoefu

Wakuu salaam. Madogo wanaomaliza kidato cha sita wananiuliza kila siku wakasome kompyuta wapi na wakimaliza watakula nini, nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nawaomba waliopitia huku kwetu tu, maana story za Dar zimejaa na huku mazingira ni tofauti, ofisi nyingi ni za serikali, mtu binafsi wa kukulipa umtengenezee mfumo inabidi umsake kwa tochi. Sema ulisoma nini na ulianzia wapi. Chumvi za mishahara ziacheni.

Naanza mimi. PCM, JKT Makutupora, halafu UDOM pale CIVE, yaani koleji yao ya kompyuta, uhandisi wa programu, ile ya miaka 4. Mwaka wa kwanza sikuwa na laptopu, bumu likitoka lote linaishia kwenye madeni ya mama ntilie, kwa hiyo programu za C nilikuwa naziandika kwenye daftari kwa penseli, nafuata kila mstari kwa kidole, i sasa ni ngapi, inaongezeka, inatoka kwenye lupu (sehemu inayojirudia) au haitoki, roommate akilala ndio naazima mashine yake naziingiza. Ilinisaidia kuliko lekcha nyingi tu. Fildi, yale mafunzo ya kazini, nikapangiwa ofisi moja ya umma, mwanzo ilikuwa kubadilisha tona za printa na kutoa virusi kwenye flashi za watu, mpaka nikamwona mama mmoja wa uhasibu analinganisha malipo ya kontroli namba na taarifa ya benki kwa rula na kalamu nyekundu, karatasi meza nzima. Nikamwandikia kaprogramu kadogo ka PHP, anaingiza mafaili mawili ya Excel, zisizolingana zinatoka. Yule mama ndiye aliyenipigia debe nikapata mkataba wa kwanza, watu wa IT wala hawakuwa na habari.

Zabibu Kavu: Mimi ni uhasibu kabisa, kompyuta sijasoma darasani. Python nilijifunzia YouTube kwa bando la usiku. Baba mdogo ni dalali wa mahindi soko la Kibaigwa, madaftari yake yamejaa unga, nikasema nimtengenezee mfumo. Nikaweka sehemu ya kujaza idadi ya magunia, akacheka, akaniuliza gunia lipi? Mkulima anahesabu magunia, mnunuzi analipa kwa kilo, na kuna lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, humo ndani inapita hata ukisema imekatazwa, na fuso moja inaweza kuwa na mzigo wa watu wanne. Haya, nikabadilisha kila kitu kikawa kwa kilo. Likaja la majina. Kwenye daftari hakuna jina la mtu, kuna "Fundi Redio", kuna "Yule wa Zoissa", na hao wa Zoissa wako wawili na yeye hajawahi kuwachanganya! Nikasema basi kila mtu namba yake ya simu, kumbe baba na watoto wanatumia simu moja. Mwisho nikampa kila mteja namba na sehemu ya kuandika utambulisho wowote anaotaka dalali, hata "mrefu mwenye pikipiki". Madalali wengine wakauona wakaulizia, hapo ndio nikaanza kulipwa, na uhasibu nikauacha hivyohivyo.

Vumbi la Area C: Sasa mkuu huoni umejibu swali? Digrii ya nini, watu wakae YouTube.

Mtoto wa Msalato: @Vumbi usiwapoteze watoto wa watu. Mimi PGM, sayansi ya kompyuta, saa hizi niko serikalini na nakwambia Ajira Portal haitaki kujua ulimtengenezea nani nini, kama huna cheti hata kuomba huombi. Kuna usaili wa mchujo, ule wa kuandika, ukipita unaenda vitendo, halafu mahojiano. Mchujo unakutana na yale ya mwaka wa kwanza mliyoyadesa mkayasahau, primari kii (ile alama ya kutambulisha kila rekodi kwenye kanzidata) ni nini, gawa mtandao huu vipande vinne, watu wana proji nzuri GitHub, kule madevelopa wanakoweka kodi zao, na wanaanguka hapo. Kwenye vitendo unakalishwa kwenye mashine usiyoijua, kibodi ngumu, na dakika zinakwenda, aliyezoea kukopi anabaki anaangalia kioo. Faida yetu tangu serikali ihamie huku ni kwamba usaili mwingi unafanyika hapahapa, mwenzio katoka Mtwara kalala gesti, wewe umetoka Nkuhungu na bajaji umekunywa na chai.

Vumbi la Area C: Sawa dada, ila nafasi zikitoka mbili mnaomba uwanja mzima wa Jamhuri.

Mtoto wa Msalato: Hilo sibishi 😂

Singida Boy: Mimi diploma halafu nikaunga digrii. Nilianza na kampuni changa moja Dar, jina naliacha, nilikuwa nafanya kazi nikiwa nyumbani, mshahara ukageuka "tutakupa hisa". Madogo, hisa hazilipi LUKU. Sasa hivi napiga kazi za wateja wa nje, natengeneza app za simu kwa Flutter, ruta nimeifunga na betri ya sola kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kikao mteja hana muda wa kusikia habari za TANESCO.

Kijana wa Kisasa: Naomba kuuliza, niko mwaka wa pili, sina laptopu, nina laki nne tu. Ninunue nini? Na fildi niombe wapi, Mtumba kwenye ofisi za serikali au kampuni?

Zabibu Kavu: Chukua laptopu ya ThinkPad iliyotumika, RAM GB 8, hakikisha ina SSD (diski ya kisasa yenye kasi), isiyo na SSD usiiguse hata wakikupunguzia. Washa hapohapo dukani, chomoa chaja uone betri inakaaje, jaribu kila kitufe. Ukiwa hujui nenda na mtu.

Mwenye uzi: Fildi peleka barua zote mbili, ila Mtumba wahi mapema, likizo ikishakaribia meza zao zinajaa barua. Na ukipangiwa omba ukae karibu na uhasibu au masijala, siyo chumba cha seva.