Uzamili: mwani au mihogo? Naomba ulinganisho kwa wanaojua

Chipukizi_Tanga:
Wakuu, habari za wikendi. Nimemaliza shahada ya kwanza ya botania na nataka utafiti uwe kazi yangu ya maisha. Niko njia panda. Niende Zanzibar, Taasisi ya Sayansi za Bahari, nisome mwani? Au nibaki nchi kavu na ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya mihogo? Vyote navipenda kwa dhati. Nilinganishieni kwa jicho la miaka mingi, si ajira ya kesho tu.

Mtu_wa_Shamba:
Mdogo wangu, mihogo. Ugonjwa huo mtafiti Storey aliueleza mwaka 1936 pale Amani, Usambara, karibu na kwenu kabisa, na bado unatutesa. Majani yanaweza kuonekana mazima, mama akachimba akifurahi, akikata anakuta ndani madoa makavu ya kahawia. Hakuna cha kupika wala cha kuuza. Nzi weupe wanausambaza, na vipando vilivyoambukizwa vinausafirisha mbali zaidi. TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, wana vituo na watafiti wazoefu, hutakosa wa kukushika mkono. Ugumu ni muda: muhogo unakaa shambani miezi tisa hadi mwaka na zaidi, kwa hiyo uzamili wa miaka miwili unakupa msimu mmoja wa uhakika.

Binti_Jambiani:
Hapo kwenye muda ndipo mwani unaposhinda. Unafunga mbegu, baada ya wiki sita hivi unavuna. Jaribio likiharibika unarudia, mwaka haujaisha.

Kilimo cha biashara huku Zanzibar kilianza 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu za Ufilipino za aina mbili za mwani: spinosum na cottonii. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni, aliyesomea uzamivu Hawaii, alikuwa ameshautafiti mwani wa pwani yetu miaka mingi. Tangu 1989 tunakata matawi na kuyafunga tena kwenye kamba, mimea ile ile ikijirudia. Cottonii ndiyo yenye bei, maana karajinani yake, yaani utomvu unaotolewa kwenye mwani, hutoa jeli ngumu inayotakiwa viwandani. Lakini kaskazi ikishika na maji ya kina kifupi yakapata moto, tawi linaanza doa jeupe, linalainika, linakatika, na kamba nzima inabaki tupu. Wakulima wengi ni wanawake. Ukiwaambia wahamie maji ya kina, wanahitaji boti na wajue kuogelea. Dk. Flower Msuya amejenga kazi yake yote kwenye maswali haya, hadi nyavu za mirija za kulimia maji ya kina. Usidhani kwamba ukichagua mwani utakuwa peke yako.

Ila ujue kalenda yako itakuwa mwezi wa angani. Bamvua, maji yakitoka mbali, unaingia majini; maji mafu, yasipotoka sana, unabaki maabara.

Kwale_Kwetu:
Usisahau Kenya. Kibuyuni, Kwale, wanalima mwani na KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wanafanya nao kazi.

Mwalimu_Botania:
Nyote mmesema kweli, lakini mimi ningechagua swali kwanza, kiumbe baadaye. Kathleen Drew-Baker, mtafiti wa mwani wa Manchester, Uingereza, alipoteza nafasi ya uhadhiri kwa sababu aliolewa, ndivyo kanuni za wakati ule zilivyokuwa, akaendelea kutafiti bila mshahara. Mwaka 1949 alionyesha kwamba kiumbe kidogo chekundu kinachoishi ndani ya makombe ya baharini ni hatua ya maisha ya mwani unaofanana na nori, mwani wanaokula Wajapani. Wajapani walikuwa wakitegemea mbegu zije zenyewe. Baada ya hapo wakaanza kuzikuza kwenye makombe. Kule Uto, Kumamoto, wanamkumbuka kila Aprili 14, ingawa hakuwahi kufika Japani.

Huku kwetu swali la namna hiyo liko wazi: mwani wa asili wa jamii ya cottonii upo pwani yetu, tunawezaje kupata mbegu imara kutoka kwake? Hapo utahitaji vinasaba na ukuzaji wa tishu, mbinu ambazo watu wa mihogo wamezizoea zaidi. Tafuta wasimamizi wawili, mmoja kila upande.

Chipukizi_Tanga:
Shikamoo mwalimu, asante sana. Nachagua mwani, na nitatafuta msimamizi wa pili wa vinasaba. Dada wa Jambiani, nije lini kuangalia?

Binti_Jambiani:
Februari, bamvua, jua kali. Ndipo utaona cottonii inavyougua. Uje na viatu vya mpira.