Je, tutoboe mlango wa pili katika nyumba ya mawe ya Mikindani?

Mjukuu wa Mikindani: Nyumba aliyotuachia babu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa karibu nusu mita, na upande wa barabarani ina mlango mmoja tu, wa nakshi. Wadogo zangu wanataka tutoboe mlango wa pili ili chumba cha mbele kiwe fremu ya duka, kodi yake ikatengeneze paa linalovuja. Mimi nasita, kwa kuwa mlango huo utalikata baraza ambalo wazee wa mtaa hukaa baada ya swala ya alasiri. Naombeni mawazo yenu.

Fundi Chokaa: Mwanangu, baraza hujengwa upya kwa siku tatu, mimi naogopea ukuta. Kabla ya kugonga nyundo, tazama boriti za mikoko za dari zimelalia ukuta upi, kwa sababu zikiwa zimelalia huo wa mbele, kuutoboa bila kuegemeza dari kwanza ni kuiita nyumba ianguke. Linta, yaani boriti ya juu ya mlango, iwe ya mbao ngumu, na mzibie kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe, lipu ikabambuka na jiwe likamong'onyoka. Vijana wa siku hizi hawalijui hili.

Kijana wa Shangani: Shikamoo, mzee wangu. Nimeumizwa na hayo maneno kuhusu vijana. Chokaa mnayoisifu ilichomwa kwa matumbawe yaliyong'olewa katika ghuba yetu, na wavuvi ndio waliolipa gharama, maana mwamba ukifa samaki hawana makazi. Kijana anayetumia saruji hajaing'oa bahari.

Fundi Chokaa: Marahaba. Kuhusu mwamba umesema kweli, na niliyaona kwa macho yangu. Hata hivyo chokaa si lazima itoke baharini. Hiyo saruji yenyewe huanzia kwenye mawe ya chokaa yanayochimbwa nchi kavu, na mawe hayo hayo yakichomwa peke yake hutoa chokaa inayofaa ukuta wa zamani.

Bi Mwajuma: Ndugu zangu, mmeiacha nyumba mkaenda baharini. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863 na milango iliyochongwa kabla ya 1940, kwa hiyo mjukuu aanze kwa kuuliza umri wa nyumba na wa mlango ule wa nakshi, asije fundi akaung'oa kwa kisingizio cha kupanua. Lakini siwezi kunyamazia hizo siku tatu za baraza. La kwetu lilivunjwa kwa ahadi kama hiyo, na baba mkubwa hadi anafariki hakupata tena mahali pa kukaa jioni pasipo kubisha hodi kwa mtu.

Fundi Chokaa: Bi Mwajuma, hapo nilikosea, unisamehe. Nilihesabu mawe, sikuhesabu watu.

Mjukuu wa Mikindani: Leo nimepanda ngazi na kutazama. Boriti zote zimelalia ukuta wa mbele, na mbili zimeoza kwenye ncha. Wadogo zangu wamekubali kusubiri. Mzee wangu, hiyo chokaa ya nchi kavu kwa sasa inapatikana wapi, na huuzwa kwa gunia au kwa debe?