Elfu 2 kusomewa matokeo ya Kidato cha Sita, na msomaji mwenyewe hajui 13 ni nini

Assalaam alaykum wana jukwaa. Leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, kamaliza Kidato cha Sita mwaka huu, kombi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Siku matokeo yalipotoka mie nilikuwa Unguja kazini. Dada yuko Wete, Pemba, na simu yake ya tochi, mtoto simu anayo lakini bando hana. Wakaenda kwenye duka la steshenari. Duka silitaji, na wenyeji wa Wete msianze kubashiri. Wakatoa elfu 2 ya kufunguliwa na mia 5 ya kuprintiwa. Kijana akashuka na ukurasa mpaka kwenye namba ya mtihani (jina halipo pale, ni namba tu), akaweka kidole kwenye safu ya AGGT, yaani jumla ya pointi, akasema: "Mama, hongera. Pointi kumi na tatu. Kwa pointi hizi chuo chochote wanamchukua."

Mtoto aliiona ile III ya divisheni kwenye safu ya pembeni yake, akamuuliza. Akajibiwa: "Divisheni vyuo hawaangalii siku hizi, wanaangalia pointi." Nusu ya maneno hayo ni kweli, ndiyo maana yakapita.

Dada alirudi nyumbani na kilo mbili za halwa. Majirani wakala, mtoto akaitwa dokta tangu alasiri ile. Nikapigiwa simu, vigelegele nyuma, nikasema mashallah. Hapo kosa langu nalikubali: nilisikia kumi na tatu, nikasikia dokta, sikuomba kuiona karatasi.

Sasa karatasi ninayo hapa mkononi, imekunjwa mara nne na ina doa la mafuta ya halwa. GS (General Studies) C, PHY E, CHE D, BIO D, BAM (hesabu) S. AGGT 13. DIV III.

Jamani! Kumi na tatu hiyo ni ya Baraza la Mitihani. Kwao A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7, na zinajumlishwa za masomo matatu ya kombi tu. GS na BAM hazimo. Huko mtu anaombea namba iwe ndogo. Divisheni I ni 3 hadi 9, II ni 10 hadi 12, na III inaanzia hapohapo 13 mpaka 17. Ukija kwenye vyuo vikuu, kwa mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu, F haina kitu. Huku ukubwa ndio uzuri, na mwisho wake ni 15. Basi yule bwana kaichukua 13 ya Baraza, kaisoma kwa macho ya vyuo. Mwenye 13 ya vyuo ana A moja na B mbili, au A mbili na C. Wetu ana 2, 2 na 1. Tano.

Na hesabu yenyewe wala si ya kutoa jasho. Chukua herufi yoyote kuanzia A hadi E, jumlisha pointi zake za pande zote mbili, utapata 6. Kwa hiyo kama masomo yako matatu yote yako kati ya A na E, toa AGGT yako kwenye 18, kinachobaki ndicho kinachohesabiwa na chuo. 18 toa 13. Ikiingia S au F njia hiyo ya mkato haifai, kaa uhesabu herufi mojamoja. Mie nimeigundua saa sita usiku kwa kalamu ya risasi nyuma ya bahasha, na mtu anaelipwa kila siku kwa kazi hii hajaigundua!

Kwa 13 hiyohiyo yule kijana wa duka akamwombea mtoto vyuo vitatu, vyote udaktari wa binaadamu. Ada ya maombi kila chuo, na juu yake elfu 10 yake yeye ya kujaza. Udaktari kwa pointi 5 na Fizikia E! Vyote vitatu vimemkataa, dirisha la kwanza la maombi likapita hivyo.

Siku majibu yalipokuja mtoto alinipigia, hakulia, aliuliza tu: "Mjomba, kwani mie nimefeli?"

Hujafeli mwanangu, umesomewa vibaya. D ya Kemia na D ya Baiolojia zinafanya 4, ndicho kiwango cha chini kabisa cha kuingilia shahada kwa cheti cha Kidato cha Sita. Mlango mwembamba, lakini ni mlango. Upo ualimu wa masomo hayohayo mawili. Na kama moyo wake uko hospitali, stashahada ya utabibu inaangalia ufaulu wa Kidato cha Nne, na huko Fizikia yake ilikuwa nzuri tu. Haya yote yangeongelewa siku ileile pale dukani, kabla ya halwa.

Najua atakuja mtu kuniambia mngepiga *152*00# mkaingia kwenye elimu. Kweli, na hata simu ya tochi ingetosha. Lakini ingempa zile herufi na namba zilezile. Shida yetu haikuwa kuziona.

Alkhamisi nimevuka mwenyewe nikamfuata yule kijana dukani. Kwanza kaniambia mtandao wa chuo ulisumbua. Nikamwekea karatasi mbele, nikamwonyesha herufi mojamoja. Akaitazama muda, kisha, wallahi, akanambia: "Lakini kaka, kumi na tatu si kubwa kuliko tano?"

Nimebaki namtazama.

Halafu ndipo nikajua la pili. Kwenye maombi yote matatu kaweka namba yake ya simu na barua pepe yake yeye, "kwa sababu mama hana simu kubwa". Maana yake majibu yanaingia kwake, na hata namba ya siri ya kuthibitisha chuo ingeingia kwake. Dirisha la pili limeshafunguliwa na mtoto hawezi kuingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Nikaomba neno la siri. Akasema lete elfu 5, kutafuta kwenye daftari ni kazi.

Sijatoa. Nimekaa kwenye baraza ya duka la jirani, namsubiri atoke kuswali adhuhuri.