Tupeane uzoefu: uliugua kwa sababu ya kazi jimbo moja, sasa unaishi jimbo lingine. Fidia uliifuatiliaje?

mama_furaha

Bandugu, salamu kwa wote. Naomba tuongee wazi jambo linalotutesa wengi huku Marekani na ambalo watu wanalisema kwa kunong'ona tu baada ya ibada: kuumwa na kazi, kisha kuhama, kisha kuambiwa "huna chako".

Mimi nilikuwa kiwanda cha nyama Iowa, sehemu ya mabega ya nguruwe. Kisu mkono wa kulia, ndoano mkono wa kushoto, baridi kali, na laini haisimami. Vidole vilianza kufa ganzi usiku. Naamka, nautingisha mkono pembeni ya kitanda mpaka hisia zirudi. Ikafika mahali kufunga vifungo vya shati la mtoto ni mateso. Nesi wa kiwandani alikuwa anatoa barafu na vidonge, halafu unarudishwa kwenye laini.

Nilimwambia supavaiza kwa mdomo, na siku ileile nikamwomba kijana wangu wa haiskuli aniandikie karatasi kwa Kiingereza: jina langu, tarehe, kazi ninayofanya, mikono yote miwili inauma kwa sababu ya kisu. Nikaipeleka ofisini na kuipiga picha juu ya meza yao kabla ya kuiacha. Baadaye nilihamia Louisville, jimbo la Kentucky, kwa dada yangu. Vipimo vya mishipa ya fahamu vikaonyesha kapal taneli (mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono), na kampuni ya bima ya mwajiri ikaandika kwamba sikuwahi kuripoti. Ile picha ndiyo ilinisaidia.

Ofisi ya Kentucky waliniambia faili langu ni la Iowa, kwa sababu niliajiriwa Iowa na niliugua nikiwa kazini Iowa. Nilimpata wakili wa huko kwa simu, na hakudai hela mbele. Bima walitaka nisafiri hadi kwa daktari wao Iowa kila miadi, nikiwa na watoto wadogo. Wakili akapeleka ombi la kubadilishiwa matibabu, kikao kikafanyika kwa simu, mkalimani yupo. Nikafanyiwa upasuaji hapa Louisville kwa gharama yao. Mkono wa kulia umerudi. Wa kushoto bado tunavutana.

Nataka kusikia wengine. Msifiche.

mkalimani_wa_cedar

Mama Furaha, pole sana, na asante kwa kuanzisha. Nimetafsiri vikao vingi vya aina hii, na inaniuma kuona mtu anapoteza haki yake kwa sababu ya kalenda tu.

Kwa Iowa, mwajiri anatakiwa ajue ndani ya siku 90 tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba ugonjwa unatokana na kazi. Kufungua madai kwa jimbo ni miaka 2. Kumwambia supavaiza kunahesabika, lakini akikana utathibitishaje? Andika, hata ujumbe wa simu. Iowa mwajiri ndiye anayechagua daktari anayelipiwa, ndiyo maana ukihama wanakuvuta urudi. Usipokubaliana na matibabu, unaomba kwa kamishna wa fidia, na ombi likisikilizwa kwa simu uamuzi unatakiwa utoke ndani ya siku 10 za kazi. Watu wengi hawaijui njia hii, wanabaki kujilipia wenyewe au wanaacha matibabu kabisa.

Jingine: usikubali mtoto wako akutafsirie mbele ya daktari wa bima. Kuandika barua sawa, lakini chumba cha daktari hapana. Mtoto atasema "anaumwa mkono", kumbe ulisema mkono unakufa ganzi ukishika kisu na unapoa ukiwa likizo. Hilo la likizo ndilo daktari anatakiwa aliandike, kwa sababu linaonyesha chanzo ni kazi.

baba_amani_ohio

Miye yangu ni ya Texas, na ni ngumu kidogo. Nilikuwa kiwanda cha kuku, karibu na mabeseni ya ile dawa ya kuua vijidudu. Harufu kama siki kali, macho yanachoma. Kikohozi kikanianza, usiku kifua kinabana. Daktari wa zahanati akasema pumu, na akaniuliza nafanya kazi gani. Wa kwanza kuniuliza hilo!

Nimehamia Dayton, Ohio, natafuta fidia, naambiwa yule mwajiri hana bima ya fidia kabisa. Nikadhani ni uhalifu. Kumbe Texas sheria inamruhusu mwajiri binafsi kutokuwa nayo. Ila asiyekuwa nayo unaweza kumshtaki mahakamani kwa uzembe, na hawezi kujitetea kwamba na wewe ulichangia, wala kwamba kosa ni la mfanyakazi mwenzako. Tatizo ni kwamba siku ya kuanza kazi tulisainishwa karatasi nyingi za Kiingereza, na moja ilisema migogoro itaamuliwa na msuluhishi, si mahakama. Kesi bado inaendelea, siwezi kusema zaidi.

Kwa walio Texas ambao mwajiri anayo bima: ni siku 30 kumjulisha, na mwaka 1 kupeleka madai. Mwaka unakatika upesi sana kwa mtu anayehamisha familia.

nyambura_seattle

Poleni wote. Kwetu Washington bima yenyewe inaendeshwa na jimbo, na unaweza kufungua madai pale pale kwa daktari. Kwa ugonjwa wa kazi, miaka 2 inahesabiwa kuanzia daktari anapokuandikia kwamba unatokana na kazi. Hiyo barua mliyopewa na daktari, angalieni tarehe yake.

dereva_usiku

Swali. Mimi ni dereva wa lori. Niliajiriwa kwa simu nikiwa nyumbani Ohio, kampuni ni ya jimbo lingine, na naendesha kila mahali. Sikio la kushoto limepungua kusikia. Nadai wapi?

mkalimani_wa_cedar

Ndugu dereva, si mimi wa kukuamulia, mimi si wakili. Ninachokisikia vikaoni ni kwamba majimbo hutazama mambo matatu: wapi uliumia au uliathirika, wapi mkataba wa ajira ulifungwa, na wapi kazi yako ina makao hasa. Kwa dereva, majimbo mawili au zaidi yanaweza kuipokea kesi moja, na malipo yake hayafanani. Kwa hiyo ongea na wakili wa kila jimbo linalohusika kabla hujasaini karatasi yoyote ya bima, hasa ya "tukulipe tumalizane". Mazungumzo ya kwanza mara nyingi ni bure. Na tafuta ushahidi wa ile simu ya kuajiriwa: tarehe, na ulikuwa wapi uliposema ndiyo.

mama_furaha

Niongeze mawili ambayo wakili wangu alinifundisha. Faili zako za afya zilizo kwa mwajiri, na vipimo vya kemikali ulizofanyia kazi, unayo haki ya kuziona hata kama umeshaacha kazi. Omba kwa maandishi. Kanuni ya OSHA, shirika la serikali kuu la usalama kazini, inampa mwajiri siku 15 za kazi, na akichelewa lazima akueleze sababu na lini utazipata. Baba Amani, wewe hasa, omba karatasi za ile dawa.

La pili, kuna wanaoogopa kwamba kudai fidia kutaharibu green card, ile kadi ya ukaazi wa kudumu. Fidia ni bima ya mwajiri, si msaada wa serikali. Hata mchungaji wetu alikuwa anawaambia watu wanyamaze, nikamwendea na barua ya wakili.

baba_amani_ohio

Mama, leo jioni naandika hiyo barua. Inaenda kwa kiwanda au kwa kampuni iliyonunua kiwanda? Maana wameuza mwaka jana.

mkalimani_wa_cedar

Peleka kwa wote wawili, kwa posta yenye risiti ya kupokelewa. Mwajiri mpya anatakiwa apokee faili hizo kutoka kwa wa zamani na azitunze. Nitumie rasimu yako kabla ya kuituma, nitaisoma Kiingereza chake.