Mume wa mtu kuachwa na ndege Paris: ni mapenzi au ni uhuni?

Dada wa Shangani: Jana tumeangalia filamu ya Before Sunset, ile ya 2004. Kwa ambao hamjaiona: Jesse na Céline walikutana Vienna usiku mmoja, wakaahidiana kurudi baada ya miezi sita, wakapotezana. Miaka tisa baadaye jamaa kaandika kitabu cha usiku ule, yuko Paris anakinadi, binti huyo katokea kwenye duka la vitabu. Jesse kwao Marekani ana mke na mtoto. Mwishoni anaambiwa ndege itamwacha, anajibu anajua, na wala hanyanyuki. Mimi nasema uhuni. Nyie je?

Mpini wa Jembe: Dakika 80 watu wanatembea na kuongea tu! Kama wanawake wa Lindi wanaosubiri ming'oko, ile mizizi ya porini, iive.

Mlindi Halisi: Wanawake wa Lindi wamekukosea nini? Na hiyo ming'oko mnaijulia wapi nyie watu wa Mtwara, si mnanunua stendi kwetu mkipita?

Mpini wa Jembe: Tunanunua kwa kuwahurumia. Ya kwenu maji matupu.

Mtoto wa Newala: Inachimbwa porini, wajomba. Pori halina mkoa.

Mlindi Halisi: Newala nyamaza, shida zenu za maji hamjazimaliza.

Dada wa Shangani: Jamani, nimeuliza habari za mke wa Jesse!

Bwana Mabibo: Dada, huyo mke hata sura hatumwoni. Tunasikia ya mume tu, kwamba nyumba imepoa. Mbona hayo tunayajua? Pesa za mnada wa korosho zikishaingia, nyumba zote za Tandahimba hupoa kwa mpigo.

Mke wa Mkulima: Tandahimba imeingiaje hapa? Wa kwangu msimu uliopita kaezeka nyumba. Semea wa kwenu.

Bwana Mabibo: Shemeji, samahani, nilitania. Ila umejibu haraka mno.

Mke wa Mkulima: Ningekuwa karibu ungeona haraka yenyewe.

Mlindi Halisi: Mwenye kosa ni Céline. Jesse alienda Vienna, yeye hakutokea.

Mtoto wa Newala: Alifiwa na bibi yake, maziko yakaangukia siku ya miadi. Wewe ungeacha kumzika bibi ukafuate mwanaume?

Mpini wa Jembe: Si angepiga simu?

Mtoto wa Newala: Namba hawakupeana, tena kwa makusudi.

Mpini wa Jembe: Basi wote wajinga, kesi imeisha.

Mzee wa Ndundu: Vijana mna simu ndiyo maana mnaona wajinga. Mwaka ule wa mvua za El Niño, 97 kuingia 98, nilimwahidi binti mmoja wa Mikindani kwamba Idi itanikuta kwao. Basi likanasa kwenye tope, kivuko cha Ndundu pale mto Rufiji hatujakifikia. Siku ya nne hela ya kula imeisha, nikageuza Dar. Niliporudi kusini kivuko hakuna tena, nilipita juu ya Daraja la Mkapa.

Bwana Mabibo: Mzee, daraja si lilifunguliwa 2003?

Mzee wa Ndundu: Ndiyo hiyohiyo.

Dada wa Shangani: Ulimkuta, baba?

Mzee wa Ndundu: Nilimkuta. Akanikaribisha vizuri tu, akaniwekea ming'oko.

Mlindi Halisi: Ya Lindi hiyo, bila shaka.

Mzee wa Ndundu: Sijui. Aliichimba mumewe.